Mpigo na Mpapatiko: Setilaiti ya Uhuru na Historia ya Istilahi Mbili

1. Kusudi la makala

Mfasiri anayeletewa maandishi ya elimu ya falaki ya karne ya 20 hukutana mapema na neno moja la Kiingereza, lenye asili ya Kilatini, linalotaja kitu kupiga kama upigavyo mshipa wa damu. Akitafuta neno la Kiswahili atapata "mpigo", naye ataliandika kila mahali bila wasiwasi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika tawi moja la elimu hiyo, yaani uchunguzi wa eksirei zitokazo kwenye nyota, neno hilo moja halitoshi. Mwaka 1971 wataalamu wale wale, wakitumia chombo kile kile, na katika muda wa miezi michache tu, walilitumia neno hilo la Kiingereza kutaja mambo mawili ambayo leo yajulikana kuwa tofauti kabisa. Moja lilikuwa dalili ya nyota ya nyutroni. Jingine lilitoka mahali ambapo sasa panahesabiwa kuwa na shimo jeusi. Kiswahili, kwa kuwa kinaunda istilahi zake baada ya mambo hayo kutambulika, hakina haja ya kurithi mchanganyiko huo.

Chombo kinachohusika nacho kina jina la Kiswahili. Hiyo ni sababu nyingine ya kuitazama habari hii kwa makini.

2. Eksirei: jina lisilodai kitu

Tuanze na neno eksirei lenyewe. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, mwanafizikia wa Ujerumani, aligundua mionzi iliyopenya vitu ambavyo nuru ya kawaida haipenyi. Kwa kuwa hakujua asili yake, aliipa ile herufi itumikayo katika hisabati kwa kitu kisichojulikana. Wajerumani baadaye waliiita mionzi hiyo kwa jina la mgunduzi; Waingereza walibaki na herufi; nasi tuliichukua sauti ya Kiingereza nzima nzima, herufi pamoja na neno lenye maana ya mionzi, tukapata eksirei. Kwa hiyo anayeandika "mionzi ya eksirei" ametaja mionzi mara mbili. Hilo ni jambo dogo. Kubwa zaidi ni kwamba jina lililobuniwa kwa kukiri kutojua limedumu zaidi ya miaka 100 bila kumpotosha mtu, kwa sababu halikudai lolote.

Kinyume chake ni neno la Kilatini "nova", lenye maana ya mpya, walilopewa nyota zitokeazo ghafula mahali ambapo hapakuonekana kitu. Jina lilidai kwamba nyota imezaliwa. Kumbe ni nyota ya zamani iliyozidi mwanga kwa mlipuko. Hadi leo kila mwalimu afundishaye neno hilo hana budi kuongeza kwamba maana yake ya asili si kweli. Mifano hii miwili yatupa kanuni tutakayoifuata katika makala haya: istilahi ni salama zaidi itajapo kile kilichoonekana au kilichopimwa, na sababu yake ikaachiwa maelezo.

3. Chombo na jina lake

Eksirei zitokazo angani hazifiki ardhini, kwani humezwa na angahewa. Anayetaka kuzipima hana budi kupandisha chombo juu. Tarehe 18 Juni 1962 Riccardo Giacconi, Herbert Gursky, Frank Paolini na Bruno Rossi walirusha roketi kutoka White Sands, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani. Nia yao iliyotangazwa ilikuwa kutazama kama Mwezi hutoa eksirei unapopigwa na mionzi ya Jua. Badala yake vipimo vilionyesha chimbuko kali la eksirei upande wa kundinyota la Nge, likaitwa Scorpius X-1. Roketi ile ilikaa juu ya kimo cha kilomita 80 kwa muda usiotimia dakika 6. Katika muda mfupi hivyo mtu aweza kujua kwamba chimbuko lipo, lakini hawezi kuliangalia linavyobadilika siku hata siku. Ilihitajika setilaiti.

Setilaiti hiyo, ambayo jina lake la kiofisi lilikuwa SAS-1, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini na Waitalia karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu pako karibu mno na ikweta. Setilaiti izungukayo juu ya ikweta huepuka sehemu ya Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nishati kubwa, zilizonaswa na usumaku wa Dunia, hushuka chini na kuvuruga vipimo. Aidha, roketi irushwayo kuelekea mashariki karibu na ikweta husaidiwa na mwendo wa Dunia yenyewe.

Siku ile ilikuwa ni kutimia miaka 7 tangu Kenya ipate uhuru. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi upande wa Marekani, aliipa setilaiti jina la Uhuru kwa kuiheshimu siku hiyo na wenyeji wake. Chombo hicho chenye uzito wa kilo 140 hivi kiliizunguka Dunia kila baada ya dakika 96, nacho kilifanya kazi hadi Machi 1973.

Jina hilo halikuishia kwenye chombo. Orodha ya nne na ya mwisho ya machimbuko yaliyopatikana ilichapishwa mwaka 1978, nayo ilikuwa na machimbuko 339. Kila moja lilipewa namba itanguliwayo na alama 4U, kama vile 4U 0115+63, na herufi U ni ya Uhuru. Hivyo mwanafalaki wa nchi yoyote anayelitaja chimbuko hilo hutamka herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili. Hata hivyo, fahari hiyo isitupumbaze. Lugha iliyotoa jina la chombo yapaswa pia kuweza kueleza kile ambacho chombo kilikiona.

4. Neno moja, mambo mawili

Setilaiti ya Uhuru ilijizungusha polepole, kwa kawaida mara moja katika dakika 12, na vipimo vyake vikapita juu ya kila chimbuko kama kurunzi ipitishwayo ukutani. Mwendo huo uliweza kupunguzwa ili chimbuko moja litazamwe kwa muda mrefu zaidi. Idadi ya eksirei ilihesabiwa kwa vipande vya muda vifikiavyo sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa njia hiyo mabadiliko ya haraka yaliweza kuonekana dhahiri.

Chimbuko la kwanza kuwashangaza wataalamu lilikuwa Cygnus X-1. Eksirei zake zilipanda na kushuka upesi mno, katika sehemu ndogo ya sekunde. Minoru Oda na wenzake walitoa taarifa yao mwaka 1971, na katika kichwa chake waliyaita mabadiliko hayo kwa lile neno la Kiingereza lenye maana ya mapigo. Wakati ule ilidhaniwa kwamba huenda mabadiliko yana kipindi maalumu. Uchunguzi uliofuata haukukithibitisha kipindi hicho. Mwanga ule hupanda na kushuka bila kawaida, mfano wa mwali wa koroboi upapatikao penye upepo.

Miezi michache baadaye kundi hilo hilo, likiongozwa na Giacconi, lilitoa taarifa juu ya Centaurus X-3. Hapa mambo yalikuwa mengine. Eksirei zilipanda na kushuka kila baada ya sekunde 4.84, tena na tena, bila kukosa zamu. Waandishi walitumia neno lile lile katika kichwa cha taarifa yao, lakini safari hii walilazimika kuliongezea kivumishi kionyeshacho kwamba mapigo yana kipindi. Katika kivumishi hicho kimoja ndimo ulimokuwamo ugunduzi wote. Msomaji aliyeyaona maneno "mapigo" katika taarifa ya kwanza na "mapigo yenye kipindi" katika ya pili angeweza kudhani kwamba ya pili ni aina ndogo ya ile ya kwanza. Sivyo ilivyokuwa. Kitu kipigacho kwa kipindi kisichopotea kina saa ndani yake, na saa hiyo lazima iwe mwili mmoja ujizungushao. Kitu kipapatikacho hakina saa.

Tofauti hiyo ilizaa matunda upesi. Mwaka 1971 na 1972 Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Charles Thomas Bolton huko Kanada, kila upande kwa kazi yake, walionyesha kwamba Cygnus X-1 ni mwenzi wa nyota kubwa ya buluu, na kwamba tungamo lake limezidi lile ambalo nyota ya nyutroni yaweza kulihimili. Ndiyo sababu likahesabiwa kuwa shimo jeusi. Sasa mfasiri afikirie: akiandika "mapigo" katika sehemu zote mbili, amemfunga msomaji wake asiweze kuona kwa nini wataalamu walihukumu chimbuko moja kuwa nyota na jingine kuwa shimo.

5. Jozi, kupatwa, na udhaifu wa neno "mzunguko"

Centaurus X-3 lilikuwa na fumbo la pili. Kipindi cha sekunde 4.84 hakikuwa kile kile kila siku: kilirefuka na kufupika kidogo, kwa elfu chache za sekunde. Tena kulikuwa na nyakati ambapo eksirei zilififia kabisa kwa karibu nusu siku, kisha zikarudi. Ethan Schreier na wenzake walieleza mwaka 1972 kwamba mambo hayo mawili yana kawaida moja ya siku 2.087. Chimbuko linaizunguka nyota nyingine kwa kasi ya kilomita 415 hivi kwa sekunde. Likija upande wetu mapigo husongamana, likienda mbali mapigo hutawanyika, kama ambavyo honi ya gari ijayo husikika nyembamba na ya gari iendayo husikika nzito. Na linapopita nyuma ya nyota hiyo kubwa, hufichwa.

Kwa kufichwa huko Kiswahili kina neno lililokomaa: kupatwa. Kama tusemavyo kupatwa kwa Jua na kwa Mwezi, twaweza kusema kupatwa kwa chimbuko, wala hapana haja ya kubuni.

Ama kwa nyota mbili zizungukanazo, baadhi ya waandishi hupendelea "nyota pacha". Neno hilo lina mvuto, lakini pacha ni watoto wa mimba moja, na kwa hiyo linatoa madai juu ya kuzaliwa kwa nyota hizo. Nyota nyingi za namna hii yaelekea huzaliwa pamoja, lakini hilo ni jambo la nadharia, si la vipimo. Na katika makundi mazito ya nyota huweza kutokea kwamba nyota mbili hukutana baadaye. "Nyota jozi" husema tu kwamba ziko mbili na zinakwenda pamoja. Hilo ndilo lililopimwa.

Hatari kubwa zaidi imo katika neno "mzunguko". Vitabu vyetu hulitumia kwa Dunia ijizungushayo katika mhimili wake na pia kwa Dunia ilizungukayo Jua. Katika jiografia mwanafunzi huokolewa na mazoea, kwani ajua kwamba siku ni siku na mwaka ni mwaka. Katika Centaurus X-3 hana mazoea ya kumwokoa. Akisoma kwamba "mzunguko wa nyota ni sekunde 4.84" na mstari wa pili kwamba "mzunguko wa nyota ni siku 2.087", atadhani mwandishi amekosea. Sarufi yetu, hata hivyo, inayo dawa tayari. Kiambishi -ji- huonyesha tendo limrudialo mtendaji: nyota hujizungusha, kama pia. Kiambishi cha mtendwa huonyesha kwamba kuna kitu kingine: nyota humzunguka mwenzake. Basi tuseme "kipindi cha kujizungusha" kwa sekunde zile, na "kipindi cha obiti" kwa siku zile, na neno "mzunguko" peke yake tuliepuke katika habari hizi.

6. Kinachowaka ni nini

Maelezo ya sababu yalikusanyika kutoka pande nyingi. James Chadwick aligundua nyutroni mwaka 1932. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky walipendekeza kwamba nyota kubwa ilipukapo huacha kiini kilichoshindiliwa, chenye nyutroni tupu. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Antony Hewish huko Cambridge, aliona mawimbi ya redio yaliyorudi kila baada ya sekunde 1.337, na vitu vya namna hiyo vikaitwa pulsa. Katika mwaka uliofuata wengine walidhani kwamba ni nyota ivimbayo na kunywea, na jina la pulsa lililandana na dhana hiyo. Ikadhihirika kuwa haivimbi wala hainywei, bali hujizungusha. Jina limebaki.

Nyota ya nyutroni ina tungamo lililozidi la Jua, ilhali nusu kipenyo chake ni kama kilomita 10 hadi 12. Katika jozi kama Centaurus X-3, mata ya nyota kubwa huvutwa kuielekea. Usumaku wa nyota ya nyutroni, unaofikia gausi trilioni kadhaa, huizuia mata isianguke popote na kuiongoza hadi kwenye ncha mbili za sumaku. Mata hufika chini kwa kasi ikaribiayo nusu ya kasi ya nuru, hugonga, hupata joto la mamilioni ya digrii, na kutoa eksirei. Nyota ijizungushapo, ncha hizo hutuelekea na kutupa kisogo kwa zamu, kama taa ya mnara inayowaongoza mabaharia: taa haizimwi, bali inageuka. Anguko hilo hutoa takriban asilimia 10 ya nishati yote iliyomo katika tungamo la mata, wakati muungano wa viini vya haidrojeni, unaoliwasha Jua, hutoa asilimia 0.7 tu.

Ushahidi wa kwamba nguvu hutokana na anguko ulionekana katika saa yenyewe. Pulsa za redio huchelewa kadiri miaka ipitavyo, kwa kuwa hutumia mwendo wao wenyewe kama mtumia akiba. Centaurus X-3, pamoja na kupanda na kushuka, imezidi kuharakisha: sekunde 4.84 za mwaka 1971 sasa ni takriban 4.80. Mata iingiayo huja na mwendo wake, nayo huisukuma nyota kama mtoto achapaye pia kwa kamba.

Tendo hilo la mata kukusanyika juu ya nyota lahitaji jina. "Ulimbikizaji" limeshazoeleka katika uchumi, nalo humtaja mtu awekaye mali kwa makusudi. Nyota haikusudii. Kitenzi cha asili, kulimbika, hutumika kwa maji yajikusanyayo kidogo kidogo kisimani, na "ulimbikaji" hulichukua wazo hilo bila kumleta mwenye kuhodhi.

7. Mapendekezo

Msomaji aweza kuuliza kama tofauti ya mpigo na mpapatiko ilikuwa na maana mwaka 1971 peke yake. Miaka iliyofuata yajibu. Mwaka 1975 setilaiti ya Ariel 5, nayo iliyorushwa kutoka San Marco, ilitumiwa na Jocelyn Bell Burnell na wenzake kutangaza chimbuko lirudialo kila baada ya dakika 6.75. Mwaka 1998 Rudy Wijnands na Michiel van der Klis walitangaza chimbuko la ulimbikaji lipigalo mara 401 kwa sekunde. Na mwaka 2014 chimbuko moja katika galaksi ya M82, lililokuwa kali kiasi cha kudhaniwa kuwa shimo jeusi, lilionekana kupiga kila baada ya sekunde 1.37. Hukumu ikabadilika siku hiyo hiyo: ni nyota ya nyutroni. Kilichoigeuza hukumu ni mpigo.

Kuna pia hali ya katikati, iliyotambuliwa mwaka 1985 katika chimbuko la GX 5-1, ambapo mabadiliko yana kawaida isiyo kamili. Kwa kuwa saa yake si thabiti, ifaa iwekwe upande wa mpapatiko, na kuitwa "mpapatiko wa karibu-kipindi".

Kwa hiyo twapendekeza kwa wafasiri na walimu:

(a) mpigo: badiliko la mwanga au eksirei lirudialo kwa kipindi thabiti kilichopimwa;
(b) mpapatiko: badiliko la haraka lisilo na kipindi thabiti;
(c) kipindi cha kujizungusha, na kipindi cha obiti, badala ya "mzunguko" kwa vyote viwili;
(d) nyota jozi: nyota mbili zizungukanazo;
(e) ulimbikaji: kukusanyika kwa mata juu ya nyota kwa nguvu ya mvutano;
(f) pulsa ya redio na pulsa ya eksirei: majina yaliyokwisha kuenea, yatumike, lakini kila maelezo yataje kwamba ya kwanza hutumia mwendo wake na ya pili hulishwa na ulimbikaji.

Mfasiri akutanapo na neno la Kiingereza lisilo na kivumishi, asikimbilie kamusi kwanza. Atafute katika maandishi anayoyafasiri kama kuna namba ya sekunde iliyotajwa kuwa kipindi, na kama kipindi hicho kimethibitika. Ikiwapo, aandike mpigo. Isipokuwapo, aandike mpapatiko, hata kama waandishi wa 1971 wenyewe walisema vingine. Na pale afasiripo taarifa yao ya kale neno kwa neno, aeleze katika tanbihi ni lipi kati ya mambo mawili walilokuwa wakilitazama.